Kabla ya Kusifu Kichocheo, Pima Mafuta

Nikisikia kuwa kichocheo kipya cha biodizeli kimepatikana, yaani kitu kinachoharakisha mafuta kugeuka biodizeli bila chenyewe kuwa sehemu yake, huwa siulizi kwanza kimetoa mavuno ya asilimia ngapi. Nauliza kilipewa mafuta gani. Mara nyingi naambiwa soya au alizeti, mafuta yaliyokwisha kusafishwa kiwandani hadi hayana asidi, hayana maji, hayana hata harufu. Kwa mafuta ya namna hiyo karibu unga wowote wenye ubesi (kinyume cha asidi) wa kutosha utafanya kazi, na takwimu zitapendeza. Lakini mafuta hayo hayakuwa na ile shida iliyotufanya tuanze kutafuta vichocheo yabisi, yaani visivyoyeyuka ndani ya mchanganyiko. Yenye shida ni mafuta ya kukaangia yaliyorudiwa hadi yakawa meusi, shahamu zinazobaki machinjioni, na ule uji mzito unaokwanguliwa kwenye mitego ya grisi ya majiko makubwa.

Nimekaa na mafuta ya aina hii maabara muda wa kutosha kuyaheshimu. Kila pipa lina historia yake: lilipikiwa nini, lilikaa jua kiasi gani, nani aliliacha wazi mvua ikanyesha. Kichocheo hakijui historia hiyo, lakini kitailipia.

Kemia yenyewe ni nyepesi kueleza. Molekuli ya mafuta, yaani trigliseridi, ni minyororo mitatu ya asidi mafuta iliyoshikwa na gliseroli moja. Ikija methanoli, aina ya alkoholi, na kichocheo kikiwapo, kila mnyororo unaachana na gliseroli na kushikana na methanoli. Zinatoka esta tatu, ambazo ndizo biodizeli, na gliseroli inashuka chini. Kwa uzito, kilo 100 za mafuta zinakula karibu kilo 11 za methanoli na kurudisha karibu kilo 100 za biodizeli na kilo 10 hivi za gliseroli. Faida kubwa iko kwenye mnato, yaani uzito wa kumiminika. Mafuta mengi ya mimea, yakipimwa kwenye nyuzi 40 za Selsiasi, yana mnato wa milimita mraba 30 hadi 40 kwa sekunde. Esta zake ziko kati ya 4 na 5, kiwango ambacho pampu na nozeli za injini ya dizeli zinakimudu.

Wazo lenyewe ni la zamani. Kwenye Maonyesho ya Dunia ya Paris ya mwaka 1900, injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga kama yalivyo. Mwaka 1937 mwanakemia G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipata hataza ya kugeuza mafuta ya mimea kuwa esta za kuendeshea injini, na mwaka uliofuata basi la abiria lilitembea kati ya Brussels na Louvain kwa esta za mafuta ya mawese. Kwa hiyo swali la kama mafuta yanaweza kuendesha gari lilikwisha kujibiwa kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Lililobaki ni namna ya kuyageuza bila kuharibu maji, bila kutupa kichocheo, na bila kuchukua chakula.

Njia inayotumika zaidi ni kuyeyusha kostiki (hidroksidi ya sodiamu) au hidroksidi ya potasiamu ndani ya methanoli, kiasi cha asilimia moja ya uzito wa mafuta, kisha kukoroga kwenye nyuzi 60 hivi, chini kidogo ya nyuzi 64.7 ambapo methanoli inachemka. Methanoli huwekwa mara mbili ya ile inayohitajika, molekuli 6 kwa molekuli moja ya mafuta. Ndani ya saa moja kazi imekwisha. Tuseme ukweli: kwa mafuta safi, kwenye joto hilo dogo, vichocheo yabisi kwa kawaida havifui dafu mbele ya kostiki kwa kasi. Anayeuza kichocheo yabisi kwa madai ya kasi kwenye mafuta safi anashindana mahali ambapo hakuna haja ya kushindana.

Mambo yanabadilika mafuta yakishatumika. Chakula kibichi kinapotumbukizwa kwenye mafuta ya nyuzi 180, maji yake hutoka kama mvuke na kupita katikati ya mafuta hayo. Mvuke unavunja trigliseridi, na minyororo iliyovunjika inabaki ikielea kama asidi huru za mafuta. Oksijeni ya hewa nayo inashambulia minyororo yenye viungo maradufu, mingine inagandamana kuwa molekuli kubwa zinazoyafanya mafuta yawe mazito na ya kunata. Mafuta ya kukaangia yaliyotumika yanaweza kuwa na asidi huru za asilimia 2 hadi 7. Mafuta ya mitego ya grisi yanapita 15, na mengine yanakwenda mbali zaidi ya hapo.

Kostiki ikikutana na asidi hizo, haisubiri methanoli. Inatengeneza sabuni. Chukua kilo 100 za mafuta yenye asilimia 10 ya asidi huru, tuchukulie kuwa zote ni asidi ya oleiki. Kilo 1.4 za kostiki zitakwisha kwa kuzituliza asidi hizo tu, kabla hata kazi uliyokusudia haijaanza, na utapata karibu kilo 11 za sabuni. Umepoteza sehemu ya kumi ya malighafi, na bado hasara kubwa inakuja. Sabuni inashika mafuta kwa mkono mmoja na maji kwa mkono mwingine, kwa hiyo gliseroli haitengani na biodizeli. Nimewahi kukitazama chombo cha kutenganishia kikikaa usiku kucha bila mstari wowote kuonekana, kimejaa kitu kama maziwa mazito juu hadi chini. Ukifanikiwa kuvitenganisha, utaosha biodizeli kwa maji mara kadhaa, na maji hayo yatatoka na sabuni, methanoli na chumvi. Gliseroli nayo inatoka nyeusi, imebeba chumvi iliyotokana na kichocheo ulichokwisha kukituliza kwa asidi. Kichocheo hakirudi tena. Kila pipa jipya linataka kostiki mpya.

Hapa ndipo kichocheo yabisi kinapopata maana. Ahadi yake ni kwamba kitakaa mahali pake, mafuta na methanoli vipite juu yake, kazi ifanyike kwenye uso wake, kisha unachuja na kukitumia tena. Hakuna kutuliza, maji ya kuoshea yanapungua, gliseroli inatoka safi. Ni ahadi nzuri kweli. Napenda tu iulizwe maswali magumu mapema.

Swali la kwanza linajibiwa na titresheni. Unapima gramu chache za mafuta, unaziyeyusha kwenye alkoholi, unaongeza kiashiria kinachogeuka waridi, kisha unadondosha hidroksidi ya potasiamu ya nguvu unayoijua mpaka rangi ibaki. Namba ya asidi ni miligramu za hidroksidi hiyo kwa kila gramu ya mafuta, na ukiigawa kwa mbili umekaribia sana asilimia ya asidi huru. Haichukui dakika kumi. Sielewi kwa nini ripoti nyingi kuhusu mafuta yaliyotumika zinaeleza umbo la chembe za kichocheo kwa kurasa kadhaa, halafu namba ya asidi ya mafuta yenyewe inatajwa kwa kupita au haitajwi kabisa. Ikiwa chini ya asilimia moja, uwanja wa vichocheo vya besi uko wazi. Ikipanda juu ya hapo, kila besi, iwe imeyeyuka au ni jiwe, iko hatarini.

Besi yabisi maarufu kuliko zote ni oksidi ya kalsiamu, yaani chokaa ambayo haijazimwa kwa maji. Umaarufu wake unatokana na urahisi wa kuipata: mawe ya chokaa, makombe ya baharini, maganda ya mayai, vyote kwa sehemu kubwa ni kaboneti ya kalsiamu. Ukivichoma kwenye tanuri la nyuzi 900 hivi, dioksidi ya kaboni inaondoka na uzito unapungua kwa asilimia 44. Gramu 100 za kaboneti zinabaki gramu 56 za oksidi. Wanaosema kichocheo cha maganda ya mayai ni cha bure wanasahau hilo tanuri. Ni rahisi, ni halali, lakini nishati yake na gesi iliyotoka lazima ziingie kwenye hesabu, hasa kama unga utahitaji kuchomwa upya kila baada ya mizunguko michache.

Oksidi hii ina ukaidi wa kipekee. Ukiiacha wazi, inavuta mvuke wa maji na dioksidi ya kaboni kutoka hewani, na uso wake unarudi kuwa hidroksidi na kaboneti. Ndani ya chembe bado kuna oksidi nzuri, ila kazi inafanyika juu, na juu pamekufa. Inafaa itoke kwenye tanuri iende kwenye chombo kilichofungwa kikavu, kisha iende kwenye methanoli bila kuzunguka. Jambo lingine lililonivutia sana ni kazi ya Masato Kouzu na wenzake nchini Japani, waliyoichapisha mwaka 2008. Walionyesha kuwa wakati wa mchakato oksidi ya kalsiamu inashikana na gliseroli inayozalishwa na kuwa digliseroksidi ya kalsiamu, ambayo yenyewe inachochea. Yaani kichocheo ulichokipima na kukipiga picha kabla ya kuanza sicho kinachofanya kazi baada ya muda. Tangu nilipolielewa hilo, picha za unga mpya hazinishawishi tena. Nataka kuona unga uliotoka.

Tena oksidi ya kalsiamu inayeyuka kidogo. Si sana, lakini kiwango cha Ulaya cha biodizeli, EN 14214, kinaruhusu miligramu 5 tu za kalsiamu na magnesiamu kwa pamoja katika kilo nzima ya biodizeli. Mafuta yakiwa na asidi huru, kalsiamu inageuka sabuni ya kalsiamu, utelezi mweupe unaoziba kichujio na kubaki kwenye mafuta. Hapo unalazimika kusafisha kwa resini ya kubadilishana ayoni (punje za plastiki zinazonasa kalsiamu) au kurudi kwenye kuosha kwa maji, yale yale uliyotaka kuyakwepa.

Kuna jaribio moja ambalo ningeliweka kuwa sharti kwa yeyote anayedai kichocheo chake ni yabisi. Unauacha mchakato uende mpaka, tuseme, theluthi ya mafuta igeuke esta. Hapo hapo, mchanganyiko ukiwa bado wa moto, unauchuja unga wote uondoke. Kisha unakirudisha kimiminika kitupu kwenye joto lile lile na kuendelea kukoroga. Kama kazi ilikuwa inafanyika juu ya unga, mwendo utasimama. Kama mafuta yanaendelea kugeuka esta, basi sehemu ya kichocheo imeyeyuka na ndiyo inayofanya kazi. Kuchuja kikiwa cha moto ni muhimu, kwa sababu kikipoa vitu vilivyoyeyuka vinaweza kuganda na kubaki kwenye kichujio, ukadhani uko salama. Nakumbuka nilivyokaa nikichukua sampuli baada ya sampuli kutoka kwenye kimiminika ambacho hakikuwa na chembe hata moja ya unga, huku kiwango cha esta kikipanda taratibu. Ilinifundisha kutazama kichujio kwa jicho jingine.

Kwa mafuta yenye asidi nyingi, mantiki inageuka: tunataka kichocheo cha asidi. Hakitengenezi sabuni. Kinazichukua asidi huru zenyewe na kuziunga na methanoli zikawa esta, kwa hiyo kilichokuwa uchafu kinakuwa mafuta ya kuendeshea. Asidi ya salfuriki inaifanya kazi hiyo, lakini inakula vyuma, na kwa kugeuza trigliseridi ni ya polepole mno ikilinganishwa na kostiki. Ndiyo maana watu wametafuta asidi katika umbo yabisi. Mfano ninaoupenda zaidi ni ule wa Michikazu Hara na wenzake wa Tokyo, mwaka 2005: walichukua sukari, wakaichoma nusu ikawa kaa jeusi, kisha wakaitibu kwa asidi ya salfuriki kali mpaka vikundi vya asidi vikashikana na kaboni. Kitu kinachotokana na sukari kikawa asidi yabisi ya kutengenezea biodizeli. Kuna pia resini za kubadilishana ayoni, zinazopatikana kwa urahisi na zinazofanya vizuri kwenye joto dogo, ingawa nyingi hazivumilii zaidi ya nyuzi 120 hivi. Zeolaiti, yaani madini yenye vitundu vidogo ambayo ndiyo nguzo za viwanda vya petroli, hazifai sana hapa kwa sababu vitundu vyake viko chini ya nanomita moja au karibu na hapo, na trigliseridi ni kubwa mno kupita. Inabaki nje ya mlango huku asidi zote ziko ndani. Zirkonia (oksidi ya zirkoniamu) iliyotiwa salfeti ina nguvu, ila salfeti inaondoka kidogo kidogo, na ukifanya lile jaribio la kuchuja utaiona.

Adui wa asidi yabisi ni maji, tena maji hayo yanatokana na kazi yake yenyewe. Kila asidi huru ikigeuka esta inatoa molekuli moja ya maji. Katika zile kilo 100 zenye asilimia 10 ya asidi, ni gramu 640 hivi. Zinaonekana chache, lakini maji yanapenda kukaa pale pale kwenye vikundi vya asidi, yanazuia asidi huru nyingine zisifike, na yanaisukuma kazi irudi nyuma. Chumvi iliyotoka kwenye chakula nayo inafanya kitu ambacho wengi hawakitarajii: sodiamu yake inabadilishana nafasi na hidrojeni ya resini, na kikundi kilichokuwa asidi kinabaki chumvi tu. Kichocheo kinaonekana kizima, kina rangi ile ile na uzito ule ule, na hakifanyi kazi.

Kwa maoni yangu, kichocheo kimoja cha kufanya kila kitu kwenye mafuta machafu ni ndoto inayopoteza muda wa watafiti wazuri. Ningegawa kazi. Kwanza mafuta yachujwe, yakaushwe kwa joto la juu kidogo ya nyuzi 100, na kama ni shahamu, fosfolipidi zake (mafuta yenye fosforasi) ziondolewe, maana zinaganda juu ya uso wa kichocheo. Kisha asidi yabisi ishughulikie asidi huru peke yake kwenye joto dogo. Maji na methanoli iliyozidi viondolewe. Ndipo mafuta, sasa yakiwa na asidi isiyofika asilimia moja, yapelekwe kwenye besi. Hatua hizi za mwanzo hazimpi mtu sifa, lakini ndizo zinazoamua kama kichocheo kitaishi wiki au mwaka.

Kwamba kichocheo yabisi kinaweza kuishi kiwandani si jambo la kubahatisha. Taasisi ya petroli ya Ufaransa ilitengeneza mchakato unaotumia oksidi ya pamoja ya zinki na alumini, na kiwanda cha kwanza kiliwashwa mjini Sète, Ufaransa, mwaka 2006, chenye uwezo wa tani 160,000 kwa mwaka. Mafuta na methanoli vinapita kwenye matangi mawili yaliyojazwa kichocheo, gliseroli ikiondolewa kati ya la kwanza na la pili ili kazi isirudi nyuma. Gliseroli inatoka na usafi wa asilimia 98 au zaidi, bila chumvi. Gharama yake ni joto la takriban nyuzi 200 na shinikizo la makumi kadhaa ya angahewa. Na kiwanda hicho kilijengwa kwa ajili ya mafuta ya mimea, siyo uji wa mtego wa grisi. Ukisoma kuhusu mafanikio yake, shika vyote viwili kwa pamoja.

Narudi kwenye jambo la mizunguko, kwa sababu ndilo linalonikera kuliko yote. Ripoti inasema kichocheo kimetumika mara tano na mavuno yamebaki asilimia 97. Inasikika vizuri. Sasa fikiria kichocheo kipya kinahitaji saa moja kufika 97, na mtafiti anakipa saa tatu kila mara ili awe na uhakika. Kikipoteza nusu ya kasi yake, kitahitaji saa mbili. Bado atasoma 97. Kikipoteza theluthi mbili, kitahitaji saa tatu kamili. Bado atasoma 97. Theluthi mbili za uhai wake zimekwisha na jedwali halionyeshi chochote. Methanoli nyingi kupita kiasi na unga mwingi kupita kiasi vinaficha vivyo hivyo. Dawa yake ni ndogo: pima kasi katika dakika za mwanzo, wakati sehemu ndogo tu ya mafuta imegeuka, na uipime kila mzunguko. Huko kifo cha kichocheo kinaonekana siku kinapoanza.

Yako pia mambo ambayo kichocheo hakiyagusi hata kikiwa kizuri namna gani. Biodizeli ya shahamu ya ng'ombe itaganda mapema kwenye baridi, kwa kuwa esta ya asidi ya steariki inayeyuka kwenye nyuzi 39 hivi huku ile ya oleiki ikibaki kimiminika hadi karibu nyuzi 20 chini ya sifuri. Minyororo iliyoingia ndiyo inayotoka. Salfa iliyomo kwenye mafuta ya mitego ya grisi nayo inahitaji kuondolewa kwa kutonesha, yaani kuchemsha biodizeli na kuukusanya mvuke wake. Na methanoli, ambayo sehemu kubwa yake duniani inatokana na gesi asilia, ni sumu inayopofusha na kuua, inapita kwenye ngozi, na inawaka kwa mwali ambao mchana hauonekani. Anayetaka kujaribu haya nyumbani namsihi asifanye. Mahali pake ni penye mfumo wa kuondoa mvuke, bila moto wa wazi, na watu waliofunzwa.

Ripoti ninayoitamani kuisoma ingekuwa fupi. Ingeanza na namba ya asidi ya mafuta, maji yake, chumvi na fosforasi yake. Ingeonyesha kasi ya dakika za mwanzo kwa kila mzunguko, jaribio la kuchuja moto, na miligramu za kalsiamu au chuma kingine zilizokutwa kwenye biodizeli na kwenye gliseroli, vyote viwili, kwa sababu kilichoyeyuka mara nyingi kinakimbilia kwenye gliseroli ambako hakuna aliyetazama. Kisha ingeeleza kichocheo hicho kikiwa kwenye bomba, mafuta machafu yakipita juu yake saa mia kadhaa mfululizo bila kubadilishwa, na ni saa ya ngapi kilipoanza kuchoka.